Jibu: Wahudumu wamepoa tangu meneja mpya aingie

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: tangu meneja mpya aingie dukani, wahudumu wazoefu wanawajibu wateja kwa mkato, malalamiko yamepanda, na semina haikusaidia.

Isingesaidia, kazi wanaijua. Angalia kwanza mhudumu anaruhusiwa kuamua nini mteja akiwa mbele yake. Kama kubadilisha bidhaa yenye kasoro kunahitaji sahihi ya meneja, na meneja yuko kikaoni, anayetukanwa ni mhudumu, kwa uamuzi usio wake. Mwisho anazoea kusema "haiwezekani" mapema ili yaishe. Wekeni kiwango cha pesa ambacho mhudumu anaamua mwenyewe, kiandikwe, na meneja asitengue uamuzi huo mbele ya mteja. Hapo kwenye kutengua ndipo mabosi wengi huharibu (tena kwa nia njema): mteja anajua kelele zinalipa, mhudumu anaacha kutetea utaratibu.

Kama meneja anakaripia watu hadharani, kukome leo. Kosa lisemwe faragha, siku hiyohiyo, kwa kutaja tukio lenyewe na si tabia ya mtu.

Kisha chukua malalamiko ya miezi mitatu uyapange kwa zamu. Yakirundikana kwenye zamu anazosimamia meneja huyo, una ushahidi wa kumpelekea mkubwa wake. Yakisambaa sawa, hesabu kwanza watu waliopo saa za foleni. Huenda mnamlaumu meneja kwa upungufu wa wafanyakazi.

Mshahara hukuutaja. Kama unachelewa, anzia huko.