Mshauri anakataa kuniambia anachosema binti yangu

*Hujambo Shangazi. Mimi ni mjane, nauza mitumba Kibuye hapa Kisumu. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Tangu tumzike babake mwaka jana amegeuka kabisa. Usiku halali, alama zimeporomoka, ukimsemesha anafoka kisha anajifungia chumbani. Mwalimu wake alituelekeza kwa mshauri nasaha na ameshaenda mara 3. Nikimuuliza wameongea nini, ananijibu, "Mambo tu." Nikamwendea mshauri mwenyewe, naye akasema hawezi kunieleza. Si mimi ninayelipa? Wifi zangu wanasema namwaga pesa, eti dawa yake ni maombi na kiboko. Nimwachishe?*
*Mama wa Manyatta*

Mama wa Manyatta, pole sana kwa msiba. Usimwachishe.

Najua kinachokuuma, na sidhani ni pesa. Mtoto uliyembeba mgongoni ana siri, na siri yenyewe kaenda kumpa mtu baki. Yalinipata hayo. Bintiye kaka yangu alipokuwa na miaka 15 nilikuwa nikimsindikiza kwa mshauri kila wiki, nakaa kwenye benchi nje ya mlango kama mgonjwa. Wiki ya tatu nikamsikia anacheka humo ndani. Nyumbani hakuwa amecheka kwa miezi. Nisikufiche, nilikasirika. Tulipopanda tuktuk kurudi nilinuna njia nzima. Tulipokaribia Kondele akasema, bila kuulizwa, "Shangazi, tangu Jumapili nalala." Basi, akanyamaza tena. Wiki hiyo sikuambulia kingine, na kilinitosha.

Binti yako hakwambii kwa sababu anakuhurumia. Anakuona usiku ukihesabu pesa za soko, anakusikia ukipenga kamasi bafuni na maji yamefunguliwa. Akikuongezea lake anahofia utavunjika. Kwa mshauri hana hofu hiyo. Na huko kufoka usikuchukulie kuwa utovu wa adabu moja kwa moja, maana kwa umri huo huzuni hutoka hivyo mara nyingi: mlango unabamizwa, sahani inasukumwa.

Sasa humo ndani hufanyika nini? Wengi hudhani ni mawaidha, yaani mtu amekaa anamwambia mtoto "mtii mama, soma kwa bidii." Sivyo. Vikao 3 ni hodi tu. Mtoto bado anampima huyu mtu kama anaaminika. Akishamwamini ndipo husimulia siku yenyewe: nani alimpa habari, alikuwa amevaa nini, alifanya nini baadaye. Kijana aliyefiwa na mzazi mara nyingi huwa na wazo moja linalomtafuna asilomwambia mtu, kama vile "ningepokea simu yake siku ile, labda angekuwa hai." Mshauri humwomba aliandike, kisha wanalipima pamoja. Kipi kinaonyesha ni kweli? Kipi kinalipinga? Rafiki yako angekuambia hivyo, ungemjibu nini? Wazo ambalo saa nane usiku lilikuwa kubwa kama nyumba, mchana likiwa kwenye karatasi hunywea. Hapo tena hupewa kazi ya wiki: kuamka saa ile ile kila siku, simu kulala nje ya chumba, kupumua polepole kifua kinapobana, kurudia kitu kimoja alichokipenda zamani. Ukimwona na daftari usilolijua, nakuomba usilifungue. Ukilifungua na akajua, hataandika tena, na huenda asirudi kwa mshauri.

Siri hiyo ina mipaka, lakini. Mtoto akiwa katika hatari ya kujidhuru, au kuna mtu anayemuumiza, mshauri anapaswa kuchukua hatua, na mzazi anayeweza kumlinda huambiwa. Mwombe akueleze mipaka hiyo binti yako akiwepo. Na yapo unayoruhusiwa kuuliza: kama yuko salama, vikao vimebaki vingapi hivi, wewe ufanye nini nyumbani. Uliza pia kama amesajiliwa. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka asajiliwe, na mshauri wa kweli hatakasirika kuulizwa.

Kwa wifi zako, maombi yaendelee, hayagombani na mshauri hata kidogo. Kiboko hapana. Na wakianza habari za kuaibisha ukoo, waambie Shirika la Afya Duniani linakadiria kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la watoto 50 hao ni 7, na kila mmoja ana shangazi zake.

Jambo moja la haraka. Siku akitamka kwamba hataki kuishi, au ukaona anagawa vitu vyake, usingoje kikao. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake. Piga 116 ya watoto au 1199 ya Msalaba Mwekundu, zote hazitozi, au mkimbize Rashia, yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, idara ya dharura. Wazazi wengine huficha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Hospitali ndiko kwenu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeniandikia usingizi wa mtoto, alama za mtoto, pesa, wifi. Mume wako umemtaja kama "babake" tu. Wewe unalala saa ngapi? Wiki ijayo ukimpeleka, muulize yule mshauri kama ana saa moja ya mama mtu.

Shangazi