Je, wakala ana faida gani ukiuza nyumba Nakuru?

Dada, unauliza kwa nini umlipe wakala ilhali picha za nyumba yako ya mtaa wa Section 58 unaweza kuzitia Facebook mwenyewe. Picha si kazi. Kazi ni watu anaowajua. Wakala mzuri humpigia simu mthamini anayeaminiwa na benki, maana mnunuzi wa mkopo hapati hela kabla ya ripoti yake ya thamani ya nyumba. Anajua pia wakili asiyekalia faili, na fundi wa kuziba paa linalovuja kabla wateja hawajaja.

Mimi nilipouza yetu, mnunuzi alikaribia kututoroka kwa sababu risiti za rates, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, za miaka ya nyuma hazikuonekana. Wakala alijua dirisha la kwenda kaunti na karatasi za kubeba, tukapata cheti cha kuonyesha hatudaiwi rates. Hakuhonga mtu, na akikwambia uhonge, mkimbie.

Mhasibu wake naye alinieleza kodi ya faida ya kuuza nyumba inayotozwa na KRA, mamlaka ya kodi, asilimia 15, kwamba sidaiwi kwa kuwa nilikuwa nimeishi humo zaidi ya miaka 3 mfululizo hadi kuuza. Peke yangu nisingejua.

Lakini wakili wako mchague mwenyewe, asiwe wa mnunuzi.