Hela ya kwanza iende kwenye taa

Vijana wanaotaka kuwa wapigapicha wa filamu huniuliza wanunue kamera gani. Huwa nawaambia wasinunue. Kamera inakodishwa hapahapa Dar, kwa siku unazoihitaji tu, na gharama inaingia kwenye bajeti ya prodyuza. Ukinunua kwa mkopo, deni litakupeleka kwenye kila harusi kuanzia Sinza mpaka Mbagala, na Jumamosi ambayo wenzako wanapiga filamu fupi wewe utakuwa ukumbini.

Harusi sizidharau. Hizo, sendofu na video za Bongo Fleva ndizo zinazonilipia pango hadi leo. Ila mwanga wa ukumbini kaupanga mpambaji, wewe unaukuta. Kwenye filamu unaujenga mwenyewe, na hapo ndipo watu wanapokuita tena au wanapokusahau.

Kwa hiyo tafuta nafasi kwenye kikosi cha taa, hata kama ni ya kubeba stendi na kuvuta nyaya. Ukiwa pale unamsikia mpigapicha mkuu akibishana na mwongozaji kwa nini taa itoke dirishani na siyo darini. Anayebaki kushika kamera za watu ili apigwe picha ya Instagram hasikii hayo.

Mafunzo mengi ya YouTube yametengenezwa Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, yaani unabadilika mara 60 kwa sekunde na taa zinapepesa kuufuata. Wa kwetu ni hezi 50. Ukiweka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) 1/60 ya sekunde kama walivyokuelekeza, ukaingia duka la Kariakoo lenye taa za tyubu, unaweza kuona michirizi inapanda na kushuka kwenye picha, na hakuna mhariri atakayeitoa vizuri. Weka fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde na shata 1/50, kisha jaribu kila balbu kabla waigizaji hawajafika, maana hizi LED za bei rahisi zina tabia zake.

Jua nalo lina masharti. Tuko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, hivyo mchana jua linakaa utosini na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Sini za nje nazipanga kabla ya saa nne asubuhi au kuanzia saa kumi jioni. Katikati tunaingia ndani. Na jua likishazama, una kama dakika 20 tu, giza limeingia.

Kuhusu ngozi zetu, usiiachie kamera iamue. Mweke mzee mweusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe: kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utapotea. Pima mwanga kwa uso. Msogeze mbali na ukuta, mletee taa kwa upande kupitia shuka jeupe lililotandazwa kwenye fremu, na shavu litaanza kung'aa bila kanzu kuungua, yaani kugeuka weupe mtupu kwenye picha. Shuka hilo si ghali, na nimelitumia kuliko lenzi yoyote. (Lenzi zenyewe zifungie kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Joto na unyevu wa hapa vinazaa fangasi ndani ya kioo.)

Kazi ya bure naikubali iwapo skripti imekamilika na mwongozaji yuko tayari kwenda na mimi lokesheni siku moja kabla. Anayeniambia nitapata jina, namwambia bajaji wanataka hela. Waongozaji wa rika lako utawapata kwenye maonyesho ya filamu fupi, hasa ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu kule Zanzibar. Wakikua, mnakua wote.

Mkianza kulipana, andikeni. Malipo yako yakae mstari wake na ukodishaji wa vifaa mstari wake, la sivyo taa zitakula malipo yako. Kibali cha Bodi ya Filamu ni kazi ya prodyuza, lakini omba nakala kabla hujafungua tripodi barabarani. Droni ina kibali chake, cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Na bajeti ya taa ikikatwa usiku wa kuamkia kazi, kama inavyokatwa mara nyingi, mpigie mwongozaji usiku huohuo umtajie sini zipi zihamie asubuhi na zipi ziletwe karibu na dirisha.