Mtoto anayejikojolea mchana: usianze na mazoezi ya kubana

Juzi mama mmoja aliniandikia. Binti yake wa miaka 7 hujikojolea mchana, akaambiwa awe anakaza misuli ya chini mara 50 kwa siku. Tangu aanze, hali imezidi kuwa mbaya. Nimemjibu, lakini swali hili linanifikia kila mara kwa sura tofauti, na inaniuma kuona watoto wanafanyishwa mazoezi ya akina mama waliotoka kujifungua.

Ili mkojo utoke, kibofu lazima kisukume na misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile ya chini inayofunga njia ya mkojo na ya haja kubwa, ilegee, vyote kwa wakati mmoja. Wengi wa watoto hawa misuli yao si dhaifu hata kidogo. Wamezoea kubana: mtoto anapishanisha miguu, anachezacheza pale aliposimama, au anachuchumaa na kukalia kisigino. Baada ya muda misuli inasahau kulegea hata akiwa chooni. Mkojo unatoka kwa vipande, mwingine unabaki ndani, na huo uliobaki unalowesha chupi au kuleta maambukizi. Mtoto wa namna hii ukimwongezea kubana unamzidishia ugonjwa. Kumwambia akate mkojo katikati kama zoezi ni kosa kubwa zaidi, maana unamfundisha kasoro ileile unayotaka kuiondoa.

Kabla ya zoezi lolote, pima. Chukua kikombe chenye alama za mililita, na kwa siku mbili ambazo mtoto yuko nyumbani andika saa aliyokojoa, kiasi, na kama alilowa. Kibofu cha mtoto hukadiriwa hivi: umri jumlisha 1, zidisha kwa 30. Wa miaka 7 anatarajiwa kubeba kama mililita 240. Anayekojoa 60 kila mara, tena kwa kukimbilia choo, ana kibofu chenye haraka. Anayekwenda mara tatu tu kwa siku na kutoa 350 anaahirisha. Hao wawili hawatibiwi sawa, na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) atakayeliona daftari hilo siku ya kwanza ameokoa muda mwingi.

Angalia na haja kubwa. Utumbo uliojaa kinyesi kigumu unakandamiza kibofu, na hakuna zoezi litakaloshinda hilo. Mkalishe chooni dakika 5 hadi 10 baada ya mlo, wakati utumbo wenyewe unajisukuma. Daktari akitoa dawa ya kulainisha choo, usiiache siku choo kinapolainika. Mara nyingi inahitajika kwa miezi, na wazazi wengi huharibu hapa.

Sasa ukaaji, ambao wengi huuona jambo dogo. Nyayo zote zikanyage kigoda, magoti yapande juu kidogo ya nyonga, mapaja yaachane, mwili uiname mbele, viwiko viwe juu ya mapaja. Chupi ishuke mpaka vifundoni. Ikibaki magotini inafunga miguu na mapaja hayafunguki. Tundu la choo likiwa pana, weka kiti kidogo cha mtoto juu yake, kwa sababu mtoto anayeogopa kutumbukia hujikaza mwili mzima. Asisukume kwa tumbo. Apulize hewa polepole kwa mdomo kama anayepuliza mapovu ya sabuni, asubiri mkojo uishe, asimame, atembee dakika moja, kisha akae tena ajaribu.

Pumzi ndiyo zoezi la kwanza. Mtoto alale chali, magoti yakunjwe, mwanasesere awekwe juu ya kitovu. Avute hewa kwa pua mpaka mwanasesere apande, aitoe taratibu mpaka ashuke, dakika 5, asubuhi na jioni. Hewa inapoingia, sakafu ya nyonga inashuka na kulegea yenyewe. Kifua kikipanda badala ya tumbo, bado hajalipata.

Akiweza hilo, ndipo aje kukaza, na lengo ni ajue tofauti kati ya kubana na kuachia. Akaze kama anayezuia ushuzi kwa sekunde 3, aachie kwa sekunde 6 au zaidi, mara 5 hadi 10. Makalio na tumbo vitulie. Mwambie ahesabu kwa sauti. Akinyamaza, amezuia pumzi. Kliniki zenye mashine hubandika vibandiko vidogo kwenye ngozi karibu na njia ya haja kubwa, na mtoto anaona kwenye skrini misuli ikipanda na kushuka. Vibandiko hivyo haviumi, na mzazi akae humohumo chumbani.

Choo kiende kwa saa: kila baada ya saa mbili au tatu, mara 5 hadi 7 kwa siku. Usimuulize "una mkojo?" kwa sababu atajibu hapana. Mwambie muda umefika. Maji asinyimwe, yagawanywe mchana kutwa. Mkojo mzito unachokoza kibofu. Ongea na mwalimu amruhusu kutoka bila kuomba mbele ya darasa. Na tafadhali, asichapwe wala kuchekwa, hafanyi makusudi. Mpe miezi mitatu kabla ya kusema mazoezi yamekataa.

Anayekojoa kitandani usiku tu, na mchana yuko mkavu kabisa, mazoezi haya hayamsaidii sana. Huyo ana matibabu yake, kama kengele ya kitandani, inayolia mkojo unapoanza kutoka.

Mpeleke kwa daktari kwanza, kabla ya mazoezi, ukiona mkojo unadondoka muda wote bila kukoma, mkondo dhaifu wa kujikamua, damu, homa au maumivu, miguu kulegea, kishimo au kishungi cha nywele chini ya mgongo, au kiu kali pamoja na kukonda. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa kisukari, na haisubiri wiki ijayo.