Unataka kutengeneza chanjo ya ndigana? Anza na kupe

Wiki iliyopita kijana mmoja ameniandikia: "Dada, nimemaliza shahada ya tiba ya mifugo. Nataka kuingia kwenye utafiti wa chanjo ya ndigana kali, ile ya kisasa ya jeni. Nisome nini?" Najua mko wengi wenye kiu hiyo, kwa hiyo namjibu hapa hapa.

Jeni ziache kwanza. Anza na kupe, maana ndiye anayewaambukiza ng'ombe ndigana kali.

Mimi nilianzia chumba cha sungura. Chanjo hai tunayoitegemea hadi leo ilizaliwa Muguga, Kenya, miaka ya 1960 na 1970. Kupe wa kahawia wachanga hunyonya damu ya ng'ombe mwenye Theileria parva, kimelea cha ndigana kali. Wakishakuwa wakubwa hubandikwa kwenye masikio ya sungura, ndani ya vifuko vya kitambaa, wanyonye siku 4 hivi, na hapo ndipo vimelea huiva kwenye tezi za mate. Kisha kupe husagwa, majimaji yakachujwa na kugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika. Ndama huchomwa vimelea hivyo vikiwa hai, na papo hapo hupewa dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, ili augue kidogo tu na kinga ijengeke.

Kazi yangu ilikuwa kupasua kupe chini ya darubini, kutoa tezi iliyokaa kama kishada cha zabibu, kuipaka rangi na kuhesabu vipunje vyenye vimelea. Mkono ukitetemeka kidogo, tezi imekatika. Chukua kupe mwingine.

Nikaomba nafasi ya uzamili kwenye taasisi ambayo siitaji. Msaili mmoja akacheka: "Kusaga kupe ni upishi, si sayansi." Imeniuma mpaka leo, na sitajifanya imepita. Protini ya p67, inayofunika kimelea kinapotoka kwenye mate ya kupe, imefanyiwa kazi kama chanjo ya kisasa zaidi ya miaka 30, na kwenye malisho ilikinga sehemu tu ya ng'ombe. Ramani nzima ya jeni za kimelea ilichapishwa mwaka 2005. Bado kinachofika bomani ni ule "upishi" wetu.

Mnajua kwa nini? Kimelea hiki huingia kwenye chembe nyeupe za damu na kuzifanya zigawanyike ovyo kama saratani. Zikishafika hapo kingamwili hazina la kufanya; zinahitajika chembe za ulinzi zinazoua chembe zilizoambukizwa, nazo huchagua sana aina ya kimelea. Ndiyo maana chanjo ya Muguga huchanganya aina 3: Muguga, Kiambu 5 na Serengeti. Hata hivyo, ng'ombe anayekula malisho pamoja na nyati anaweza kupata aina zinazoipenya kinga hiyo. Usipoijua tabia ya kupe na ya ng'ombe malishoni, hiyo protini yako utaijaribia wapi?

Mwezi uliopita bechi niliyoisimamia tangu sungura hadi mtungi wa naitrojeni imepita majaribio. Ndama waliochanjwa walipandwa na homa kidogo, tezi za chini ya sikio zikavimba, wakarudi kula. Yule msaili salamu zimfikie.

Vijana, acheni kudharau kazi ya mikono! Mnakimbilia kompyuta kabla hamjamshika kupe. Jifunzeni pia adabu ya baridi: chanjo ikishayeyushwa ina saa chache tu, na ukifika bomani ng'ombe wameshatoka kwenda malishoni, dozi zinamwagwa na mfugaji anakuona tapeli. Mfugaji huyo ndiye atakayeamua kama chanjo yako inaishi, kwa hiyo panga naye tangu jana yake.

Na wewe uliyeniuliza usome nini: soma immunolojia, yaani elimu ya kinga ya mwili, na takwimu, vitabu vyovyote. Halafu tafuta maabara inayofuga kupe, uombe kujitolea. Wengi hawapendi harufu ya sungura, nafasi huwa zipo.