Njule wa Arabuko-Sokoke

Umeuliza mnyama wa ajabu ambaye wengi hawamjui. Mimi nakupa njule wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, si mbali na Malindi. Ana gramu 500 hivi, vijiguu vyembamba, na pua ndefu inayochezacheza akifukua majani makavu kutafuta wadudu. Makalioni ana manyoya ya rangi ya dhahabu, na ngozi iliyo chini yake ni nene. Ukimwona utasema panya, kumbe kinasaba yuko karibu zaidi na tembo, pimbi na nguva! Akishtuka hupigapiga mkia kwenye majani, halafu anatimka. Dume na jike huishi eneo moja, ila kila mmoja hulala kiota chake.