Baiskeli kwenye pwani ya magenge meupe Normandy: achana na kilomita, hesabu mabonde

Sisi watu wa Tanga baiskeli hatufundishwi, tunazaliwa nayo. Shule nimeenda na baiskeli, sokoni baiskeli, dada yangu nimempakia kwenye keria miaka na miaka, kwa hiyo nilivyopanga kwenda Ufaransa kuzunguka siku sita na mabegi yamefungwa nyuma nikajiona fundi kabisa, wala sikufanya mazoezi. Bwana wee. Siku ya kwanza kabla hata ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeshuka nasukuma kwa miguu, jasho linadondokea hendo, na mzee mmoja wa Kifaransa mwenye kikapu cha mikate mbele akanipita anapiga pedali taratibu akanisalimia bonjour kana kwamba barabara iko tambarare. Tanga ni tambarare ndugu zangu, pale sio.

Nimeshaenda mara mbili sasa, Juni halafu Agosti mwaka uliofuata, na ya pili ndio nilienda kwa akili. Nakaa kusini mwa Uingereza kwa hiyo wengi mnaoniuliza inbox mko huku huku, ntaandika kwa kufuata njia yetu ya meli.

Kwanza muelewe hiyo pwani ikoje. Kutoka Le Havre mpaka Le Tréport ni magenge ya chaki (genge la jabali, sio la nyanya) meupe, yamesimama wima baharini, sehemu nyingine yanafika mita mia na kitu. Ni chaki ile ile unayoiacha nyuma Seaford meli ikitoka Newhaven, bandari ya kusini mwa Uingereza, unaondoka kwenye ukuta mweupe unakaa kama saa nne baharini unafikia ukuta mweupe mwingine, Dieppe. Juu ya magenge ni uwanda mpana wa mashamba, unaitwa Pays de Caux, na huo uwanda ni mzuri kuendesha. Tatizo ni kwamba uwanda umekatwakatwa na mabonde yanayoshuka baharini, Wafaransa yale makavu madogo wanayaita valleuse, na vijiji vya pwani karibu vyote vimejibanza chini kwenye mdomo wa bonde. Maana yake nini? Kila ukitaka kuona bahari unashuka mpaka chini, unapiga picha, halafu unaanza kupanda ukuta upya, umefika juu umetulia dakika kumi bonde lingine hilo. Kutoka Dieppe mpaka Saint-Valery-en-Caux ni kama kilomita 35, nikasema hiyo saa mbili na nusu nimefika napika chai. Niliingia kambini jioni, miguu inatetemeka, na nilikuwa nimekula ndizi tatu tu.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndio huo: usiifuate bahari. Ingia ndani kilomita tatu nne, endesha juu kwenye uwanda kwa vile vibarabara vidogo vya vijijini ambavyo gari linapita moja kwa dakika kumi, halafu chagua sehemu mbili tatu za kushukia ambazo zinastahili jasho lako. Barabara kubwa ya D940 iache, ina magari na haikupi kitu.

Na huko ndani ndio kuna mambo. Ukienda Juni utakuta mashamba ya kitani (mmea wa nyuzi za nguo) yamechanua, rangi ya bluu ya kufifia, ila uamke mapema kwa sababu ua lake linafunguka asubuhi tu na mchana petali zimeshadondoka, nilipita shamba moja saa mbili asubuhi nikaona kama ziwa, narudi jioni kununua mkate naona majani tu ya kijani nikadhani nimepotea njia. Agosti wameshaking'oa (hakikatwi, kinang'olewa na mizizi yake) kimelazwa mistari mistari shambani umande na mvua vikiozeshe ndio nyuzi zitoke. Mimi nimekulia karibu na mashamba ya mkonge, najua korona (mashine ya kuchakata mkonge) inavyochuna majani na ile harufu yake, nikasimama pale kama mjinga nanusa shamba la watu. Harufu ni tofauti lakini ni ndugu. Ufaransa ndio inaongoza duniani kwa kitani cha nyuzi na sehemu kubwa inatoka ukanda huu.

Mashamba yenyewe yamezungukwa na safu za miti mirefu iliyopandwa juu ya tuta, nyumba na matofaa viko ndani. Sio urembo, ni kukinga upepo. Na hapa nakuja kwenye kosa langu la pili. Upepo wa kule mara nyingi unatoka magharibi, mimi safari ya kwanza nilitoka Dieppe kuelekea Étretat huko magharibi, yaani siku tatu nzima napigwa usoni, nikawa naruka kutoka miti ya shamba hili mpaka miti ya shamba lile kama mtu anayekimbia mvua kwa kufuata vibaraza. Safari ya pili nikapanda meli ya Portsmouth kwenda Le Havre, nikaendesha kuja mashariki, nikarudi nyumbani kwa meli ya Dieppe. Baiskeli ile ile, mabegi yale yale, upepo mgongoni. Fanyeni hivyo.

Pancha sasa. Hii hakuna aliyeniambia. Ndani ya ile chaki kuna tabaka za gumegume, lile jiwe gumu la kuwashia moto enzi hizo, likivunjika linatoa makali kama chupa. Mvua ikinyesha maji yanayaburuta mpaka kwenye vibarabara vya mabondeni, na tairi ikiwa imelowa jiwe linaingia kirahisi zaidi. Siku moja karibu na Varengeville nilipata pancha tatu, tatu kabla ya mchana, ya tatu haikuwa tundu, tairi yenyewe ilichanika kama sentimita moja na tyubu inachungulia nje kama ulimi. Kiraka cha tyubu hakisaidii hapo. Nikakumbuka mafundi wa Ngamiani kwetu Tanga wanavyofanya, wanakata kipande cha tairi kuukuu wanakiweka kwa ndani pale palipochanika, nikaenda kwenye uzio wa shamba kulikuwa na matairi ya zamani yamewekwa juu ya turubai la kufunikia malisho ya ng'ombe, nikaomba kwa ishara, yule baba akanikatia mwenyewe na kisu chake kipande cha tyubu nene ya trekta. Nikapiga msasa, nikaweka solusheni, nikajaza upepo nusu. Kikanifikisha Dieppe kilomita kama kumi na kipo mpaka leo kwenye droo yangu. Kwa hiyo: tairi nene yenye kinga, sio yale membamba ya mashindano, tyubu mbili za akiba, na kipande cha tairi kuukuu mfukoni. Kila ukishuka bonde lenye matope simama upanguse tairi na glovu, jiwe halizami mara moja, linaingia kidogo kidogo kila gurudumu linavyozunguka.

Maji. Juu ya uwanda hakuna mito, chaki inanyonya mvua yote, na kijiji kinaweza kukosa hata duka. Dawa yake ni makaburini. Usicheke, makaburi ya Ufaransa karibu kila kijiji yana bomba la kumwagilia maua, soma tu kibao, kikisema eau non potable usinywe. Chakula ni hivyo hivyo, maduka ya vijijini yanafungwa mchana kwa muda mrefu, Jumapili ikipita saa sita umekwisha na Jumatatu mwoka mikate naye anapumzika. Vijiji vingine vina mashine ya mikate barabarani, unaweka sarafu inatema mkate, kwa hiyo tembea na sarafu. Na wenzangu tusiokunywa, ukiona chupa ya matofaa imeandikwa cidre hiyo ni pombe, sema jus de pomme, yaani juisi ya matofaa. Mimi nilishaimimina kwenye glasi nikashtukia mapovu.

Za kushukia nilizochagua ni hizi. Varengeville-sur-Mer, kanisa dogo na makaburi yake vimekaa karibu kabisa na ukingo wa genge, mchoraji Georges Braque kazikwa hapo na kuna kioo cha rangi alichokibuni yeye ndani. Veules-les-Roses, hapo kuna mto wa kilomita 1 na kidogo tu, ndio mfupi kuliko yote inayoingia baharini Ufaransa, unauona unapochipuka kwenye bustani za mboga za majini mpaka unapomalizikia bila hata kuchoka, nililala hapo usiku mbili badala ya moja. Na Étretat yenye lile tao la jabali ambalo mchoraji Monet alilichora sana, ila nenda alfajiri, saa nne watalii wamejaa na baiskeli huna pa kuiegemeza. Usiokote kokoto za ufukweni, ni marufuku na faini ipo. Na usikae chini ya genge kula mkate wako hata kama kuna kivuli, linamomonyoka kila mwaka na vipande vinaanguka bila hodi hasa baada ya mvua au baridi kali. Juu nako usisogee ukingoni kwa ajili ya selfie, majani yanaweza kuwa yananing'inia hewani.

Fécamp kapumzike, ni mji wa bandari una maduka. Kati ya hapo na Saint-Valery barabara inakwepa kituo cha nyuklia cha Paluel, utaona nyaya nyingi sana juu ya ngano, usiogope hujapotea.

Kama una watoto au magoti hayataki vita, achana na pwani kabisa. Nje kidogo ya Dieppe, Arques-la-Bataille, inaanza njia ya lami ya baiskeli na waenda kwa miguu, imepita juu ya reli ya zamani mpaka Forges-les-Eaux, kama kilomita 45, na kwa vile treni haikuweza kupanda milima basi na wewe hupandi. Ni sehemu ya Avenue Verte inayounganisha London na Paris, ilizinduliwa 2012. Katikati kuna Neufchâtel-en-Bray, jibini lao lina umbo la moyo, nunua dogo maana kwenye begi lenye jua linanuka vibaya mno.

La mwisho ni makaratasi. Pasi ya Tanzania au Kenya, hata kama una kibali cha kukaa Uingereza, unahitaji viza ya Schengen, mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari ya kuanzia yuro 30,000. Omba mapema kwa sababu miadi ya kiangazi inajaa. Bandarini baiskeli inapangwa foleni moja na magari, kwa hiyo uwe na taa na koti, na beba kamba yako mwenyewe ya kufungia baiskeli melini, mimi nilikuta zilizobaki melini zina grisi, suruali yangu ya pekee safi ndio ikaishia hapo.